Bunduki Isiyoachwa Peke Yake

Katika nyumba yetu ya Kamsamba kulikuwa na vigingi viwili ukutani, juu ya kitanda, na juu ya vigingi hivyo ililala bunduki ya serikali yenye darubini. Mimi nililala chini yake. Kila jioni mume wangu alinyoosha mkono kuhakikisha vifuniko vya ngozi vimekaa sawasawa kwenye kioo cha mbele na cha nyuma, akapapasa skrubu kwa kidole gumba, kisha ndipo akanigeukia mimi na kuniuliza habari za kutwa. Nilikuwa bibi harusi wa juzi juzi tu. Niliona wivu, na sioni haya kusema hivyo.

Mume wangu alikuwa askari wa Bwana Nyama. Hivyo ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyesimamia mambo ya wanyama wa porini enzi za Waingereza. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuua mamba na viboko waliosumbua watu wa Mto Momba, na kufukuza tembo na nyati walioingia kwenye mashamba ya mpunga kule bondeni. Alikuwa na bunduki mbili. Ile nzito, ya tembo, haikuwa na kitu juu yake ila chuma cha kulengea. Hiyo alikwenda nayo porini, akailalia na kuiegemeza popote. Ile nyepesi, ya mamba, ndiyo iliyofungwa darubini, na hiyo ndiyo iliyonifunga na mimi.

Siku ya kwanza tulipofika Kamsamba aliniketisha, akanipa sharti moja. Alisema bunduki hii isiachwe peke yake ndani ya nyumba. Akiwa hayupo, niwepo mimi. Si jirani, si mtoto wa jirani, bali mtu wa nyumba hii.

"Ni amri ya serikali," alisema. "Ikipotea, au mtu akiichezea, mimi nakwenda jela."

Nani abishane na serikali? Nilikuwa nimesoma misheni, nilijua maana ya amri. Niliitikia, nikidhani ni jambo la siku moja moja.

Ukweli ni kwamba darubini ile nilikuwapo ilipochaguliwa, na siku hiyo nilijivuna sana. Tulikuwa Tunduma kwa wazazi wake, siku chache baada ya ndoa, nikitambulishwa kwa mashangazi na binamu, wengine wao kutoka ng'ambo ya mpaka wakiniamkia "Mulishani, mukwai" nami nikibaki natabasamu tu. Bwana Nyama alikuwa amepiga hema kando ya barabara. Alimwita mume wangu, akatandaza blanketi juu ya boneti ya gari lake, akaweka darubini mbili.

"Wewe ndiyo utapiga," alimwambia. "Basi chagua mwenyewe."

Moja ilikuwa ndefu na nene. Watu waliokusanyika walipewa ruhusa ya kuchungulia, na kila aliyeinua uso kutoka kwenye ile ndefu alipiga kelele. Binamu mmoja alisema ameona ndevu za mbuzi aliyekuwa upande wa Rhodesia. Wote wakamwambia mume wangu achukue hiyo hiyo, asiwe mjinga. Yeye alichungulia kwa muda mrefu, akaiweka chini, akachukua ile fupi. Mbuzi alibaki mdogo ndani yake, lakini mlima mzima ulionekana, na vichaka, na mchungaji.

Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini ameacha ile nzuri. Alinieleza kwa subira, kama mwalimu. Mamba haonyeshi mwili. Anaonyesha pua na macho, kisha anazama. Ukimtafuta kwa darubini inayokuza sana unakuwa kama mtu anayetafuta sindano uwanjani akichungulia kwenye tundu la ufunguo, na ukishampata, mkono wako unaotetemeka nao umekuzwa pamoja naye. Tena ile ndefu ilitaka jicho liwekwe karibu mno na kioo, na bunduki ikirudi nyuma inakupasua nyusi. Na ndani yake alama ya kulengea ilikuwa nyuzi mbili nyembamba zilizopishana, ambazo kwenye maji ya tope hazionekani. Ile fupi ilikuwa na kijiti cheusi, kinene, chenye ncha. Kijiti hicho hata alfajiri unakiona.

Nilimtazama mume wangu na kusema moyoni kwamba nimepata mwanamume mwenye akili. Na alikuwa na akili kweli. Sijawahi kumnyima hilo.

Kamsamba joto lake halikuwa la kuzoeleka kwa mtu wa Mbozi kama mimi, niliyekulia kwenye migomba na mibuni, tukiota moto hata mchana. Lakini joto ningelizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni ule ua. Mpaka wangu ulikuwa jiko la nje, kwa sababu ukiwa jikoni mlango wa nyumba unauona. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima ambaye mumewe alilima mpunga, ndiye aliyenichotea maji, maana mtoni sikufika. Jumapili nilisikia nyimbo za kanisani zikija na upepo, nikaimba sauti ya pili peke yangu huku nikipepeta mchele. Siku za soko wanawake walipita mbele yangu na vikapu, nikawaagiza chumvi kwa kupaza sauti. Vijana waliokuwa wakipita walinitania.

"Shemeji, kifungo kinaisha lini?"

"Muulizeni mfalme wa Uingereza," nilijibu, nao wakacheka. Nilicheka pia, kisha nikarudi ndani na kuitazama ile bunduki, nikatamani kuitumbukiza chooni.

Kwa kuwa nilikuwa nayo kutwa, niliijua kuliko nilivyowajua majirani. Mume wangu alinifundisha kuitunza. Kwanza unapangusa vumbi kwa unyoya wa kuku, polepole, kwa sababu ukianza na kitambaa chembe za mchanga zitachora kioo, na kioo kilichochorwa hakiponi. Kisha ndipo unachukua kipande cha kanga kuukuu, kilichofuliwa mpaka kimelegea. Usikitemee mate. Usikipulizie pumzi. Mafuta ni ya chuma tu, yasiguse kioo. Usiiache juani, usiishike kwa darubini yenyewe kama mpini wa jembe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu alichokipaka chokaa. Hapo alipiga risasi akiwa ameegemeza bunduki kwenye gunia la pumba, akaenda kutazama tundu, akarudi, akazungusha kitufe cha darubini kwa ukingo wa sarafu, akapiga tena, mpaka tundu likaangukia pale alipotaka. Halafu kwa sindano alichora mstari mwembamba kwenye kila skrubu, ili ikisogea hata kidogo ajue.

Masika yalipokuja alinikumbusha neno moja asubuhi na jioni. "Unyevu ndio adui yake mkubwa," alisema. Unyevu ukiingia, ukungu unaota ndani ya kioo kama mizizi, na huko ndani unyoya haufiki. Kuhusu moto hakuniambia chochote. Nani angefikiria kupeleka bunduki ya serikali jikoni?

Mimba yangu ya kwanza iliharibika kwenye chumba kile, chini ya vile vigingi, jirani akinishika mkono na mume wangu akiwa porini na tembo. Niliposhika mimba ya pili niliamua kwamba hii nitakwenda kuizaa kwetu. Hayakuwa matakwa ya ajabu. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, na kitovu chake huzikwa huko. Tena mama yangu alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa kijiji chetu walipokelewa na mikono yake, na nilikuwa nimeiona mikono hiyo ikifanya kazi tangu nikiwa mdogo, mikavu, mikubwa, isiyo na haraka. Nilitaka mikono hiyo. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nilimwambia mume wangu akiwa anakula.

"Nani atakaa na bunduki?" aliuliza.

"Kaa nayo wewe."

"Na tembo niwaambie wanisubiri?"

"Basi ipeleke kwa Bwana Nyama mpaka nirudi."

"Bwana Nyama yuko Mbeya. Na amri ni amri." Aliosha mikono, akaondoka mezani. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Ningepata mtu wa kutukana labda ningepata pa kuanzia. Huyu alikuwa mpole, na ukimsukuma unasukuma ukuta.

Nilishika tama siku nyingi. Mwisho nikawatuma watu waliokuwa wakipandisha samaki wakavu na mchele kwenda Mbozi na Vwawa. Niliwaambia wamweleze mama kwamba siwezi kuja, na sababu ni bunduki. Walicheka, lakini walipeleka ujumbe. Msafara huo huo uliporudi, mama alikuwa pamoja nao.

Alikuwa hajawahi kushuka bondeni maishani mwake. Alifika uso umemvimba kwa jua, mgongoni mzigo wa mbaazi na kichwani kikapu cha mahindi ya mbegu, yakiwa kwenye maganda yake, meusi kwa moshi wa jikoni kwetu. Nilimkumbatia nikalia. Nilidhani amekuja kunizalisha pale pale.

"Hapa?" alisema. "Kwenye chumba cha mkwe wangu? Una wazimu, mwanangu?"

Nilikuwa nimesahau. Mama mkwe haingii chumba cha mkwewe, hata aitwe na nani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Mama asingeweza kupiga magoti kando ya kitanda changu kama nisivyoweza mimi leo kuruka mto.

"Na joto hili limekwisha kukunyang'anya mmoja," aliendelea. "Huyu atazaliwa kwenye baridi. Wamesema anatakiwa mtu wa nyumba. Mimi si mtu wa nyumba? Shangazi yako nimemfundisha mwenyewe, atakupokea. Wewe nenda. Mimi nitakaa na hilo dude."

Nilibishana naye. Nilimwambia kwamba ninachokwenda kukitafuta Mbozi ni yeye, sasa akibaki Kamsamba nakwenda kutafuta nini? Alinikazia macho. Aliniambia mito inakaribia kujaa, na nikiendelea kubishana nitazaa njiani. Mama yangu akishasema hivyo, mazungumzo yamekwisha.

Ikabaki bunduki. Chumbani mama hawezi kuingia, na bunduki haiwezi kuachwa chumbani bila mtu. Kwa hiyo mume wangu aliihamishia kwenye jiko la nje, ambako mama angelala, akapigilia kigingi karibu na mkeka wake. Kukabidhiana kwenyewe kulikuwa kichekesho. Mume wangu alisimama nje ya jiko, uso ameuelekeza mtoni. Mama alikaa ndani, mgongo ameuelekeza mlangoni. Mimi na tumbo langu katikati.

"Mwambie mama vifuniko visitolewe."

"Mama, vifuniko visitolewe."

"Mwambie mkwe nimesikia."

"Mwambie unyevu ndio adui yake mkubwa. Mvua hii itaiua."

"Mama, unyevu..."

"Nimesikia. Mwambie mkwe asiwe na shaka, kutunza kitu kisiingie unyevu mimi sikuanza leo."

Tulicheka wote watatu, kila mmoja akitazama upande wake. Huo ndio mwisho wa kumsikia mama yangu akicheka.

Niliondoka na wachuuzi wa samaki. Ungedhani mtu aliyefunguliwa kifungo angekwenda akiruka, lakini tulipouacha ule ua nyuma nilijikuta nageuka geuka kuangalia kama mlango wa nyumba bado nauona. Kupanda ule mteremko na mimba kubwa, mvua ikinyesha, sitasimulia. Nilifika kwetu miguu imevimba. Kila kitu kilikuwa mahali pake, mibuni imechanua, ukungu umetanda, kigoda cha mama kipo kando ya moto. Nilikaa chini kando ya kigoda kile. Sikuweza kukikalia.

Shangazi alinipokea vizuri, na mtoto wa kike alizaliwa mzima. Lakini mikono ya shangazi ilikuwa ya baridi na ya haraka. Uchungu uliponishika nilimwita mama, kama wanawake wote wanavyoita, ila mimi nilijua alipo na nilijua anayemzuia. Nilimchukia mume wangu wakati ule, nikaichukia serikali, nikamchukia hata mama kwa kukubali. Kisha mtoto akalia na nikasahau kidogo.

Mvua zilipoanza kupungua wachuuzi walipita tena. Yule mkubwa wao hakuja kwangu. Aliingia nyumba ya shangazi, na muda si mrefu nikamsikia shangazi akipiga ukelele. Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Niliendelea kumnyonyesha mpaka akatosheka, kwa sababu nilijua nikisimama nitaambiwa.

Nilishuka nao. Kaburi la mama lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na kichuguu cha chokaa. Mume wangu alikuwa amelizungushia mawe ya mtoni vizuri sana. Alisimama na kofia mkononi. Jirani ndiye aliyenieleza.

Homa ilimshika mama baada ya mvua kubwa. Watu wa milimani homa za bondeni huwaangusha vibaya, hilo kila mtu alilijua. Jirani alipoona amezidiwa alitafuta vijana na machela wampeleke kwenye zahanati ya misheni. Mama alikataa.

"Alisema, mwanangu kaniachia kitu hiki, na mimi nikikiacha peke yake mkwe wangu atafungwa," jirani alinisimulia. "Nikamwambia basi mama tukibebe na hicho kitu kwenye machela. Akasema kitalowa. Nilimsihi sana, mwanangu. Nilimsihi mpaka nikagombana naye."

"Na mume wangu?"

Mume wangu alikuwa akifuata tembo upande wa Rukwa. Alirudi mara moja katikati ya homa ile. Jikoni hakuingia, kwani angeingiaje alipolala mama mkwe wake? Alisimama uani akamwambia jirani amuulize mama kama mzigo uko salama. Mama akajibu kutoka ndani kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwambieni mkwe uko salama, tena mkavu." Jirani alipotaka kuongeza kwamba mama anaumwa, mama alimkatiza kwa ukali, akasema mkwe asisumbuliwe kazini. Kwa hiyo mume wangu akapumzika, akala, akarudi porini. Aliporudi mara ya pili, alikuta watu uani.

Kwa hilo sikumlaumu. Nchi nzima hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Angeingia jikoni wakati mama yuko hai, mama mwenyewe angekufa kwa aibu.

Bunduki nilikuta haijashushwa. Mume wangu alitaka niwepo. Tuliingia jikoni pamoja, na pale kwenye kigingi alichopigilia hapakuwa na kitu. Nilitazama juu. Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya gome kwenye fito, juu kabisa ya mafiga, sambamba na mahindi ya mbegu aliyokuja nayo kutoka Mbozi. Mama alikuwa ameizungushia kanga yake mwenyewe, ile ya kwendea kanisani. Masika yote aliwasha moto mdogo chini yake, usiwake sana wala usizime, kama alivyofanya kwa mbegu zetu miaka yote. Na mbegu zetu hazikuwahi kuoza.

Mume wangu aliifungua kanga. Vifuniko vya ngozi vilikuwa vimekauka na kujikunja. Alipangusa masizi kwa unyoya, kisha kwa kitambaa, akainua bunduki jichoni, akaielekeza mlangoni. Akanipa mimi. Nilichungulia nikaona weupe mtupu, kama maziwa yaliyomwagwa ndani ya kioo, na pembeni rangi rangi za upinde wa mvua. Kile kijiti cheusi kilikuwa kimelala upande.

Bwana Nyama alikuja mwanzo wa kiangazi, maji ya mto yaliposhuka na mamba kuanza kuonekana. Alichungulia darubini, akaangua kicheko.

"Nani alipika hii?"

Hakuwa mtu mbaya, na hakujua alichokuwa akikicheka. Mume wangu alisema iliwekwa karibu na moto kuepuka unyevu. Bwana Nyama akamweleza kwamba vioo vya ndani vimegandishwa viwili viwili kwa gundi inayotokana na utomvu wa mti, nayo haipendi joto, inalainika na kuchafuka. Hakukasirika hata kidogo. Alichukua bisibisi yake na kuanza kuifungua darubini, akauliza huku akifungua, kama mtu anayeuliza habari za njiani:

"Lakini kwa nini ilikuwa jikoni? Mimi nilikwambia, ukienda safari, weka bunduki ndani ya sanduku ya chuma pale baraza kwa chifu. Ndiyo kazi ya ile sanduku."

Nilikuwa mlangoni pa jiko, mtoto mgongoni. Mume wangu aliniona. Alitazama chini.

"Matarishi wa baraza wanachezea skrubu, bwana," alisema. "Kabla ya darubini hii, ile ya zamani niliiacha kule, wakaitoa kuchungulia wanawake mtoni. Niliikuta imesogea. Nikamkosa mamba."

"Ah," alisema Bwana Nyama, akaendelea kufungua.

Basi ndiyo hiyo amri ya serikali. Baraza lilikuwa umbali wa kutembea bila hata kukaza mwendo. Sanduku lilikuwapo siku zote, na kufuli yake, na askari wa zamu kando yake. Nyimbo zile za Jumapili nilizoimba peke yangu, maji niliyochotewa kama kilema, mimba iliyoharibika, kigoda kitupu kando ya moto, machela iliyorudi bila mtu. Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mistari ya sindano kwenye vichwa vya skrubu.

Sikupiga kelele. Mgeni alikuwapo, na mume wangu hakuinua macho.

Bwana Nyama alitoa darubini nyingine kwenye sanduku lake, nyembamba, ya nyuzi zilizopishana. Safari hii hakumwambia mtu achague. Waliifunga mchana ule ule, wakaegemeza bunduki kwenye gunia la pumba, wakapiga kichuguu. Wakaenda kutazama, wakazungusha kwa sarafu, wakapiga tena. Kila mlio mtoto alishtuka mgongoni kwangu, na vumbi la chokaa likaangukia mawe ya kaburi.

Kesho yake mume wangu alitakiwa amsindikize Bwana Nyama hadi kambi yake inayofuata. Alitundika bunduki kwenye vigingi, juu ya kitanda. Alipapasa skrubu. Alisimama mlangoni, kofia kichwani.

"Nitarudi jioni," alisema. "Usi..." Akairekebisha kofia. "Unajua."

Walipotoweka njiani niliishusha. Nilitandika mkeka nje ya mlango wa mbele, mahali ambapo kila mpita njia anapaona, nikailaza hapo, darubini ikitazama juu na vifuniko vipya vikiwa mahali pake. Sikuifunika. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikatoka nje ya ua.

Nilikwenda mtoni, nikanawa uso kwa maji ambayo nilikuwa nayanywa tu bila kujua yanakotoka. Nilikwenda sokoni, nikanunua chumvi kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipita kwa jirani, nikala kwake, nikakaa mpaka akaniuliza kwa wasiwasi nani yuko nyumbani. Nikamwambia hakuna mtu. Nilipita mbele ya baraza, nikaliona sanduku kupitia mlango uliokuwa wazi, limepakwa rangi ya kijani, tarishi mmoja amelikalia akila muhogo.

Jua lilikuwa limeanza kuinama niliporudi. Mkeka ulikuwapo. Bunduki ilikuwapo, imelala vile vile nilivyoilaza. Siku nzima watu walikuwa wamepita mbele yake, watoto, wachuuzi, vijana wale wa kunitania. Kuku alikuwa ametembea juu yake akaacha uchafu kwenye kitako. Hakuna mwingine aliyeigusa.

Niliketi kando yake pale mlangoni, na hapo ndipo nilipomlilia mama yangu kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu wachuuzi waje.